Mkaguzi na Chumba cha Tatu

Mwanangu wa kwanza alinipigia simu kutoka Doha siku ya Ijumaa, baada ya sala, kama ilivyo kawaida yake. Tulijuliana hali, akaniuliza habari za presha, nikamwambia Alhamdulillahi. Kisha akasema yeye na wenzake wamezungumza, wameonelea nyumba ya Msambweni ipangishwe kwa wageni, wale wasiopenda msongamano wa hoteli za Diani.

"Wenzako gani?" nikamuuliza.

"Wadogo zangu, Mama. Sote tumekubaliana."

Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba hiyohiyo, kwenye kiti cha barazani, miguu nimeinyoosha. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, chumba changu kitabaki kuwa changu. Ila kabla ya lolote apatikane mkaguzi wa majengo, mwenye leseni, aipekue nyumba yote na kuandika ripoti. Hakutaka fundi. "Fundi atakutafutia kazi ya kufanya, Mama. Mimi nataka mtu wa kuniambia ukweli."

Nyumba ina vyumba vinne vya kulala. Marehemu mume wangu, aliyekuwa mpishi wa hoteli, aliuweka msingi na kuinua kuta hadi usawa wa madirisha, kisha akaondoka duniani. Watoto ndio walioimalizia, kila mmoja akituma alichojaaliwa. Kila mmoja alijichagulia chumba na rangi. Mkubwa alitaka buluu. Binti yangu, ambaye ameolewa Maskati, alitaka waridi. Kitinda mimba, aliyeko Nairobi, alisema chake kipakwe chochote, kikapakwa nyeupe. Idi ya kwanza walikuja wote, na hapakuwa na pa kuweka mguu. Baada ya hapo wakawa wanakuja mmojammoja. Siku hizi wakija hulala Diani kwa sababu wajukuu wanataka bwawa la kuogelea, na kwangu wanafika mchana, tunakula, wanarudi.

Vyumba vyao nilivifunga kwa ufunguo. Mwanzoni nilikuwa nikivifagia kila Jumamosi. Goti lilipoanza kuniuma ikawa mara moja kwa mwezi. Hatimaye nikawa napita tu ukumbini bila kuitazama milango.

Nambari ya mkaguzi niliipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Ukunda. Nilipompigia nilimuuliza kama kweli ana leseni. Akacheka, akasema atakuja nayo. Alifika Jumatatu saa tatu asubuhi kwa pikipiki, mwanamume wa makamo, mzaliwa wa bara. Akaniambia shikamoo kwa uangalifu, kama mtu aliyefunzwa neno hilo ukubwani. Nikamwitikia marahaba, naye akanipa kadi yake kabla sijamwomba. Nilivaa miwani nikaisoma yote, mpaka tarehe. Kwenye picha alikuwa na nywele nyingi zaidi.

Alianzia nje. Akaizunguka nyumba polepole, akapima kuta kwa pima maji, akachungulia mfereji wa maji ya mvua, akapanda ngazi kutazama vigae. Mimi nilimfuata nyumanyuma. Aliniambia naweza kwenda kupumzika, ataniita akinihitaji. Nikamwambia sijachoka. Ukweli ni kwamba nilipenda jinsi alivyokuwa akisema anachokiona. "Hapa pako sawa." "Ufa huu ni wa plasta tu, Mama, usikutishe." Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu azungumze ndani ya ua wangu kwa saa nzima.

Tukaingia ndani. Alikuwa na fomu, na kila chumba alikiandikia ukurasa wake. Alikuwa na kifaa kidogo cha kupima unyevu, anakibandika ukutani kinalia.

"Hapa analala nani?" aliuliza katika chumba cha buluu.

"Mwanangu. Yuko Doha."

"Kwa sasa, Mama. Fomu inataka anayelala kwa sasa."

"Hakuna."

Akaandika. Katika chumba cha waridi akauliza tena, nami nikajibu vilevile, ila nilihisi neno limekuwa zito kidogo kutoka. Kifaa kililia sana chini ya dirisha. Akasema ukuta unashika unyevu kwa sababu chumba hakipati hewa.

Kufikia hapo ilikuwa saa tano na ushei. Kilibaki chumba kimoja tu, cha kitinda mimba. Nilimwona akitazama saa, nikajua kwamba akishakitazama hicho atafunga mkoba wake na kuondoka. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la leso yangu, nimeufunga fundo tangu alfajiri. Nikatia mkono katika mtungi wa funguo pale mezani, nikakoroga, nikasema, "Hiki cha tatu ufunguo wake siuoni. Sijui nimeuweka wapi."

Sijawahi kuwa mtu wa uongo. Nimesomesha darasa la nne miaka mingi, nimeadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Hakukasirika. Alisema ripoti haiwezi kukamilika bila chumba hicho, atarudi Alhamisi. Nikamkaribisha chakula, akakubali. Nilikuwa nimepika wali wa nazi, mchuzi wa samaki changu na mchicha. Nazi nzima sikuwa nimeikuna tangu Idi iliyopita, kwa sababu mtu mmoja haimalizi. Alikula vizuri. Akanieleza kuwa mkewe yuko bara na watoto, yeye amepanga chumba Ukunda, na jioni hula chipsi kwa sababu hawezi kujipikia. Nikamwambia Alhamisi nitampikia biriani.

Siku ya Alhamisi niliamka mapema kukaanga vitunguu. Nilitandika kitambaa cha meza ambacho binti yangu alinitumia. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Alifika adhuhuri imeshaadhiniwa, kofia ya pikipiki bado i kichwani.

"Samahani sana, Mama, kuna mteja ananisubiri Galu. Ufunguo ulipatikana?"

Nikaufungua kwenye pindo la leso mbele yake. Sikufikiria. Aliutazama ule ufunguo, akaitazama leso, kisha akautwaa.

Mlango ulipofunguka ilitoka harufu ya udongo mbichi. Mchwa walikuwa wamepanda nyuma ya kabati, wakatengeneza njia yao ukutani mpaka kwenye dari. Alipolivuta kabati mbao za nyuma zilimegeka kama mkate mkavu. Mashati ya mwanangu, madaftari yake ya sekondari, godoro upande mmoja, vyote vilikuwa vimeliwa. Mkaguzi akapanda ngazi, akagonga mbao za paa kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza.

"Hawajafika kwenye paa lote," alisema. "Ila wamekuwa humu mwaka, au zaidi. Kilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Nilimwambia, "Zamani."

"Na hapa analala nani?" akauliza, halafu akajikatiza mwenyewe, akaandika.

Robo saa haikutimia alikuwa amemaliza. Nilimwambia biriani iko tayari, nimwekee tu sahani ndogo. Akaweka mkono kifuani, akasema atakula siku nyingine, inshallah. Pikipiki ikaondoka. Chakula nilimpelekea jirani, naye akanishukuru na kuniuliza kama nilikuwa na wageni. Nikamwambia walikuwepo. Jioni ile niliswali na kumwomba Mola maghufira kwa ajili ya ule uongo, na nilipokuwa nikiomba nilijua kwamba ningeweza kuusema tena.

Ripoti haikuja kwangu, ilikwenda Doha. Mwanangu alinisomea sehemu kwenye simu, nyingine akairuka. "Hayo ni ya kitaalamu, Mama," alisema. Nikamwambia anitumie yote kama ilivyo. Nikaenda nayo kwenye duka la kuchapishia karatasi, nikarudi nazo zimebanwa pini, nikazisoma barazani. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini Kiingereza cha aina hiyo kinanitosha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na anwani, umri wa jengo, aina ya paa, idadi ya vyumba. Chini yake palikuwa na mstari mfupi: wakaaji, mmoja.

Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Kila mtu anajua kuwa naishi peke yangu, hata muuza maziwa anajua, maana huniletea nusu lita. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuliandika jambo hilo.

Mkaguzi alipendekeza dari ya chumba cha tatu ibomolewe, mchwa wapigwe dawa nyumba nzima, dirisha la chumba cha waridi libadilishwe. Mwishoni aliandika kwamba vyumba vifunguliwe kila siku, na kama inawezekana vitumike. Watoto waliposikia ukubwa wa kazi yenyewe wazo la wageni likapoa. Mkubwa alisema tutazame mwakani. Kitinda mimba nilimpigia kumweleza habari za mashati na madaftari yake. "Tupa tu, Mama," akasema, kwa upole kabisa, kisha akaniuliza kama nimekula. Dawa ya mchwa walinilipia. Dari ilibomolewa, mpya haijawekwa.

Miezi miwili baadaye, baada ya mvua kubwa, niliona doa la maji ukumbini nikampigia mkaguzi. Alinisalimu vizuri. Nikamweleza ni mimi, mama wa Msambweni.

"Ile nyumba ya mabati ya kijani?"

"La, ya vigae. Ulikuja mara mbili."

"Ah, ndiyo, ndiyo," alisema, na nilijua kwa sauti yake kwamba haikumbuki. Akaniambia fundi avitazame vigae vilivyo juu ya doa. Nikamshukuru, nikamtakia kazi njema. Wala sikumlaumu. Nyumba anazozipekua ni nyingi, na kila moja ina mtu anayemfuata nyuma.

Siku hizi nafungua madirisha yote kila asubuhi, naanzia buluu namalizia nyeupe, goti liume lisiume. Na kwa kuwa ripoti ilisema vitumike, navitumia. Wiki hii nalala kwa mkubwa, wiki ijayo kwa binti, halafu narudi kwangu. Cha tatu nacho, ingawa hakina dari, nililala humo siku nne kipindi cha kiangazi, juu ya mkeka. Jirani ananiona nikihamisha mto na chandarua, anacheka, anasema nimekuwa mgeni wa nyumba yangu. Shida ni alfajiri tu, ikiadhiniwa. Naamka haraka nikatie udhu, nanyoosha mkono kuutafuta mlango, nagusa ukuta, na inanibidi nisimame kidogo gizani nikumbuke niko chumbani kwa nani.