Sehemu ya Nane, Mchana Kweupe

Asubuhi moja ya Jumamosi, huku Australia, niliondoka Lidcombe na begi moja, bila kuamua ninakwenda wapi. Sikufukuzwa. Mkenya niliyekuwa nikiishi naye alikuwa ameleta mke kutoka kwao, na yule mke kila asubuhi alinipikia chai kwa heshima kubwa, kisha akanitazama ninywe kama mtu anavyotazama mvua isiyotaka kukatika. Nilielewa. Nilikunja shuka, nikaacha ufunguo juu ya friji, nikapanda treni ya kwanza iliyofika. Ilikuwa inaelekea magharibi. Nilihitaji kitu kimoja tu: mahali pa kuweka begi kabla jua halijazama.

Nilichojutia kukiacha ni ubishi wetu. Miaka ile maduka ya kukodi filamu yalikuwa bado yanajaa watu, na sisi wawili, tukitoka kazini kwenye ghala moja la Seven Hills, tulikuwa hatupiti bila kuchukua filamu ya kutisha. Kulikuwa na mfululizo mmoja wa muuaji anayevaa barakoa ya mchomelea vyuma. Aliuawa mwisho wa kila sehemu, na mwanzo wa sehemu iliyofuata alikuwa mzima, mwenye afya kuliko sisi. Mkenya alishikilia kwamba baada ya sehemu ya pili zilizobaki ni biashara tu, hazimtishi hata kuku. Mimi nilishikilia kwamba zinatisha, mradi mtu akijue kisa cha yule bwana.

Na mimi nilikijua. Nilikuwa nimekipata Kigoma, nilipoacha shule kidato cha pili na kuhamia kwenye banda la video, ambako mtafsiri aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti akitueleza kila kitu kwa Kiswahili. Alitueleza kwamba yule alikuwa fundi mwaminifu, amechomelea mageti ya mji mzima. Akaposa. Baba wa binti akamwambia kwamba kwa uso ule hapati mke, labda punda. Ndipo akauficha uso na kuchukua shoka. Banda zima tulimwonea huruma, hata alipokuwa anakata watu.

Kisha siku moja pale Lidcombe tukaikodi sehemu ya kwanza, ya Kiingereza, bila mtafsiri. Nikasubiri posa. Filamu ikaisha. Hapakuwa na binti, hapakuwa na baba mkwe, na fundi hakufungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Buda, hiyo stori ulitoa wapi?" Mkenya aliniuliza. "Huyu msee hata mdomo hana."

Nilimjibu kwamba huenda nakala za Australia zimekatwa. Nilibaki na jibu hilo kwa miezi mingi, maana sikuwa na lingine.

Basi nimo kwenye treni. Viti vichache mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, amevaa sare ya wanaotunza wazee, macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Aliongea kwenye simu kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, kwa sauti kubwa na raha ya mtu anayeamini kwamba behewa zima halimwelewi. Alikuwa anamlalamikia mwenzake kuhusu mumewe. "Chumba nzima, dada. Imejaa watu wa kuchinja watu. Sasa mpangaji nimlaze wapi, kifuani kwa shetani?"

Nilingoja akate simu, nikamwendea. "Shikamoo, mama."

Aliruka kidogo. "Marahaba. Umesikia yote?"

"Nimesikia chumba tu."

Alinihoji kutoka Granville hadi Blacktown. Nimetoka wapi, nasali wapi, nakunywa nini, na kwa nini mali ya mwanamume mzima inaenea kwenye begi la shule. Niliposema Kigoma alilegea. Alikuwa ameishi miaka mingi kwenye kambi za upande ule, na watoto wake walizaliwa huko. Chumba kipo, akasema, lakini ndani yake kuna filamu za mzee, makatoni mpaka dirishani, na mzee hakubali kuzitoa. Alinishusha naye Rooty Hill, kama mtu anayekwenda shaurini na shahidi aliyemwokota njiani.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali mekundu, na jirani alikuwa anakata majani kwa mashine iliyonguruma mtaa mzima. Mzee alitufungulia mlango akiwa na kanzu ya nyumbani na miwani. Siku za wiki alikuwa anafanya usafi katika nyumba ya wazee. Jumamosi, nikaja kuelewa, alikuwa mtu mwingine kabisa: alikuwa mtafsiri. Kambini alikuwa na banda lake, mapazia ya magunia, jenereta ya kuazima, na kiingilio kikombe cha dengu za mgao. Alinieleza hayo kabla sijakaa. Mkewe aliniambia kwa macho kwamba nisiulize zaidi. Nikauliza zaidi.

Niliuliza kama anamjua mtu wa barakoa ya mchomelea vyuma.

Alivua miwani. Alikuwa nazo sehemu zote. Sehemu ya nane alikuwa ameinunua wiki ile na bado hajaitoa kwenye plastiki. Nikamwambia kwamba mimi namfahamu tangu Kigoma, yule fundi aliyenyimwa mchumba.

"Mchumba?" alisema. "Nani alikudanganya hivyo?"

Kwake yeye, yule bwana hakuwa fundi wala hakuposa popote. Alikuwa mkulima. Alikimbia vita, akakaa ugenini, akarudi akakuta shamba lake lina mtu mwingine. Barakoa aliiokota njiani, azuie moshi wa nyumba zilizochomwa. Nilimbishia. Nilimuuliza mkulima angejua wapi kutumia mtungi wa gesi katika sehemu ya tatu. Akaniuliza fundi wa mjini angejua wapi njia za msituni katika sehemu ya pili. Tulibishana hivyo kwa dakika nyingi, watu wazima wawili, kuhusu maisha ya mtu ambaye katika filamu yenyewe hakuwahi kusema hata jina lake, na kila mmoja wetu alijua kwamba mwenzake amedanganywa.

Alisema kwamba kama aliongeza neno, kosa halikuwa lake kabisa. Kambini kanda zilifika zilivyotaka. Sehemu ya nne ilitangulia, wakamwona yule bwana akifa, kisha ya pili ikaja naye yuko hai, na watu waliotoa dengu zao wakadai maelezo. Ilibidi awape. Akawaambia kwamba hakufa, alivuka mpaka tu, sasa amerudi. Wakakubali mara moja. Hakuna aliyeona ajabu.

"Hawa wa kizungu wanaongeza shoka," alisema, "lakini wamesahau kwa nini anarudi. Ndiyo maana hazitishi."

"Hazitishi mtu yeyote," mama alidakia kutoka jikoni, akileta chai. "Hata mwanao anacheka."

Binti yao wa sekondari, aliyekuwa amejilaza kwenye sofa na simu yake, alijibu kwa Kiingereza kwamba ni kweli, damu inaonekana kama sosi ya nyanya. Mzee aliumia. Nilimwona.

Hapo mama akatoa hukumu, kwa utulivu wa mtu aliyekesha na wagonjwa na hana nguvu za kesi ndefu. Tutaitazama hiyo sehemu ya nane, sasa hivi, wote. Akiogopa mtu mmoja katika nyumba hii, chumba kitabaki cha sinema na yeye hatakitaja tena. Asipoogopa mtu, makatoni yaende gereji na huyu kijana aingize begi lake.

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama chai. Kazi yangu ilikuwa rahisi kupita zote nilizowahi kupewa Australia: kukaa kwenye kochi na kutoogopa.

Ilianza. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha televisheni, mashine ya jirani ilikuwa inanguruma, na ndani ya filamu vijana wenye meno mazuri walikuwa wanakwenda likizo kwenye nyumba ya ziwani, ingawa sehemu saba zilizotangulia zilikwishawaeleza yanayotokea huko. Yule bwana alitokea mapema mno. Alikuwa na barakoa mpya inayong'aa na shoka la umeme. Aliwakata wawili kabla sijamaliza andazi. Binti alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu. Mama alikuwa amelala, kichwa kimeangukia begani. Mkenya alikuwa na haki, nikawaza kwa furaha: baada ya sehemu ya pili ni biashara tu. Nilianza kupanga kitanda changu kikae upande gani wa dirisha.

Mzee alichukua rimoti, akaifunga sauti.

Hakutangaza kitu. Alisimama kando ya televisheni, pale pale ambapo mtafsiri hukaa, mkono mmoja mdomoni kana kwamba umeshika kipaza sauti. Kwenye kioo msichana mmoja alikuwa anakaribia mlango, polepole, na nje yake kuna kivuli. Nilitegemea mzee angurume. Hakunguruma. Alisema kwa sauti ya chini, yenye adabu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi:

"Hodi."

Msichana akasimama.

"Hodi wenyewe. Msiogope, mimi si mgeni. Nimetoka mbali. Nimepita shambani, nimekuta mihogo yangu imeshavunwa. Sina ugomvi. Mlango huu niliuchonga mwenyewe, leo nimeukuta na kufuli ya mtu." Kivuli kikasogea. "Nauliza tu, jamani. Nani amelala kwenye chumba changu?"

Mashine ya jirani ilizimika wakati huo huo. Sikumbuki kunyanyuka. Nakumbuka chai ya moto mapajani, na mimi nimesimama nyuma ya kochi, nimeshika begi langu kifuani kwa mikono miwili. Binti alimwambia baba yake aache, kwa Kiingereza, lakini alikuwa amekwisha kuhamia kwa mama yake. Mama alikuwa macho, mgongo wima, anautazama mlango wa mbele wa nyumba, si televisheni.

"Baba watoto," alisema, "hiyo uliisema ile usiku wa mwisho, kabla watu hawajapanda malori ya kurudi kwao."

"Niliisema," mzee alijibu. "Umeogopa?"

"Mimi nimekumbuka. Aliyeogopa ni huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

Sikuwa na namna ya kukana, suruali yangu ilikuwa inatoa mvuke. Nilisema ndiyo, nimeogopa, nikawashukuru kwa chai, nikatundika begi begani. Bado ilikuwa mchana. Ningeweza kwenda mpaka mwisho wa reli na kuulizia huko.

"Unakwenda wapi?" mzee aliuliza.

Nikamkumbusha kwamba ameshinda, chumba ni cha sinema.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa upuuzi. "Miaka yote hapa natafsiri, huyu anacheka, huyu analala. Nimempata mtu wa kuruka, nimwachie treni?" Akaanza kuvua kanzu ili abebe makatoni.

Mama alisema kwamba alitafuta mpangaji, sasa amepata vichaa wawili. Lakini aliondoka kwenda kutafuta shuka.

Mchana ule tulihamisha nusu ya makatoni. Nusu nyingine ilibaki, kwa sababu gereji nayo ilikuwa imejaa, jambo ambalo mama hakuwa analijua. Godoro langu likakaa kati ya kuta mbili za filamu. Juu ya kichwa changu mzee alipanga zile za mchomelea vyuma, ya kwanza hadi ya nane, kwa mpangilio ambao hakuwahi kuupata kambini, akasimama akizitazama. Aliniomba nimweleze tena habari za yule mchumba. Alisema huenda ikamfaa kwa sehemu ya tisa, maana ya tisa itakuja tu.

Nilifunga mlango nipange nguo zangu chache. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa, na dirishani niliwasikia watoto wa jirani wakigombania baiskeli. Mlangoni akabisha mtu. Alikuwa mzee, ameleta blanketi.

"Hodi," alisema.

Nilichelewa kidogo kusema karibu.