Chupa Kavu ya Kitanda cha Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni iliyonipita magoti, glavu na ndoo, nikapelekwa kwa Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya wanaume, hapa Dodoma mjini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona mwembamba hivi, utamgeuza nani?" Wagonjwa wa karibu wakacheka. "Sikiliza. Humu usimwage kitu kabla hujakiangalia. Na nikikuuliza mgonjwa anaendeleaje, usiniambie hajambo. Niambie amekula nini, amegeuka mwenyewe au amegeuzwa, amekojoa mara ngapi."

Nilidhani ni maneno ya kumtisha mgeni. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba alikuwa amenipa kazi yote siku ileile.

Sikuwa mtu wa kutulia. Nilifanya kazi zahanati ya Mkonze, nikaomba uhamisho kwenda Kondoa, na kutoka Kondoa nikaenda kituo cha afya huko Chemba, nikakaa miaka mitatu kati ya Wasandawe. Lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, na kila nilipojaribu kusalimia, akina mama waliokuwa kwenye foleni walishika mbavu kwa kicheko. Mpaka leo nikinusa nta ya mizinga yao ya nyuki natamani kupanda basi. Niliporudi mjini nilimkuta Muuguzi Mfawidhi yuleyule, miwani ikining'inia shingoni.

"Umechoka kuzurura?"

"Bado, mama. Nimepita kukusalimia tu."

"Basi salimia ukiwa umeshika ndoo."

Hapo ndipo alipokuja mzee wa kitanda cha tisa, mkulima na mrina asali kutoka Chemba, ameletwa na mke wa mwanawe. Wiki chache nyuma alikuwa na jipu begani. Alilitumbua kwa mwiba, likakauka. Kisha ikaja homa, na maumivu ya mgongo mahali pamoja, yasiyomwacha hata akilala. Alikopita kwanza walimpa dawa za maumivu wakidhani ni uzito wa mizinga. Kwetu Daktari wa Zamu alifikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, au homa ya maziwa yasiyochemshwa, maana wafugaji wetu huipata sana. Akaagiza vipimo vya damu, akauliza maswali yote yanayotakiwa, na yule mkwe akatafsiri.

"Mkojo anapata vizuri?"

Mkwe akatazama sakafu. Akasema maneno mawili, mzee akajibu kwa neno moja.

"Anasema hajambo."

Alfajiri iliyofuata nilipopita kukusanya chupa za mkojo, ya kitanda cha tisa ilikuwa kavu. Nikaona mkwe ameketi pale, nikadhani ameimwaga. Nikaendelea na vitanda vingine. Saa nne nilipokuja kubadilisha mashuka, chupa bado kavu, na mzee hakuweza kuinua kiuno. Nilipomgeuza, mkono wangu ukagusa tumbo lake chini ya kitovu. Lilikuwa gumu, limevimba.

Nikamtuma mkwe akatafute uji, kisha nikainama. "Mzee, tangu lini hujapata haja ndogo?"

Akanijibu kwa Kiswahili, cha mnadani lakini kilichonyooka. "Jana asubuhi. Na miguu naona si yangu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya mke wa mwanangu? Wewe ungesema?"

Nilikwenda mbio kwa Muuguzi Mfawidhi. Alinisikiliza huku anavaa miwani.

"Chupa ya alfajiri uliiona?"

"Niliiona kavu. Nilidhani mkwewe ameimwaga."

"Mkwe! Amwage chupa ya baba mkwe wake! Na wewe ulikaa Chemba miaka mitatu ukifanya nini, kula asali?"

Nilijua kabisa kwamba mwanamke yule asingeigusa chupa ile. Nilijua, na sikufikiri.

Daktari Bingwa wa upasuaji wa mgongo alikuja mwenyewe. Akamgusagusa mzee miguu kwa pini, akagonga magoti kwa kinyundo, akaagiza awekwe mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa mbele ya macho yetu. Adhuhuri mzee alikuwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku, na picha ikaonyesha usaha umejikusanya kati ya mfupa na utando unaofunika uti wa mgongo. Wadudu wa lile jipu la begani walikuwa wamesafiri na damu.

"Hili nalo ni jipu," Daktari Bingwa alituambia akiwa ananawa, "ila halina pa kutokea. Linaminya mishipa ya fahamu. Miguu ikikaa hivi muda mrefu, hairudi tena. Nani aligundua mkojo?"

"Mhudumu wangu," akasema Muuguzi Mfawidhi. Hakutaja chupa ya alfajiri. Nikaitaja mwenyewe.

Daktari akaniangalia. "Umechelewa saa kadhaa, lakini umefika. Msukume mgonjwa, twende."

Walitoa kipande cha mfupa, wakakamua usaha na kusafisha. Dawa za kuua wadudu wa jipu zilipita mshipani kwa wiki nyingi. Kila asubuhi niliandika mkojo wake kwenye chati, mzee akinitazama, kisha nilimuuliza kama anahisi vidole vyangu kwenye nyayo, na kwa siku tisa alisema hapana. Siku ya kumi akasema, "Acha kunitekenya." Muuguzi Mfawidhi akageukia dirishani kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Sasa nina miaka arobaini na saba. Mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine. Ninaishi Nkuhungu, na nikichoka kukaa napanda basi. Mwezi uliopita nilikwenda Chemba. Mkwe aliniandalia ugali na mlenda, akanishukuru akiwa ameangalia pembeni, nami nikamshukuru vilevile. Jioni mzee akanisindikiza barabarani, fimbo mkononi, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo.

Njiani akasimama. "Ningoje," akasema, akaingia nyuma ya kichaka cha miiba.

Nikangoja. Nilisikia maji yakipiga majani makavu, kwa muda mrefu, bila kukatika.

Akatoka anafunga mkanda. "Umesikia, mhudumu?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi kaandike," akasema, akatangulia njiani.