Gunzi Lililoitikia Maombi

Kuna aibu ambazo mtu huzificha mpaka afe, lakini hii yangu inasimuliwa Eldoret nzima na watu wanaoisimulia vibaya, kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe.

Kazi yangu ni kutunga masomo ya sayansi ya shule zisizo na maabara na kuwaandaa walimu wayafundishe. Wimbo wangu mkubwa (mke wangu ameuchoka) ni kwamba kila mtoto, hata yule wa dawati la nyuma, ashike kifaa kwa mkono wake. Siku hiyo tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa Yamumbi, walimu wamejaa, na mbele kabisa ameketi madam mfadhili kutoka Nairobi, suti nyeupe, aliyekuja kuamua kama mafunzo yafike shule za Moiben au yaishie hapo.

Nilitaka kuonyesha hamira inavyotoa gesi. Kwa kawaida chupa huvishwa baluni, nayo huvimba taratibu, lakini asubuhi hiyo wimbo wangu wa usawa ulinipanda kichwani: baluni inanunuliwa, gunzi la mahindi liko kila boma! Nikachanganya sukari, maji vuguvugu na hamira, nikaongeza hamira kidogo (sawa, nyingi) ili mambo yaive haraka, nikashindilia gunzi mdomoni mwa chupa.

“Mwalimu, si utuachie tushike pia?” akauliza Mama Nafula, mwalimu wa Gredi ya Sita aliyealikwa kutoka Moiben.

“Mtaona tu, mama. Hii inataka uzoefu.”

Nilichosahau ni kwamba kwetu hakuna mkutano unaoanza bila maombi, na aliyeitwa kuomba ni Mama Nafula huyo huyo. Akaombea safari ya mgeni, gari la mgeni, dereva wa mgeni, akaingia kwa mvua na mahindi, na mimi, jicho moja wazi, naona gunzi linapanda, nataka kulikimbilia, lakini nani hutembea wakati watu wamefumba macho?

“Na sasa Baba,” akapaza sauti, “tuonyeshe ishara kwamba uko nasi!”

PAAA!

Gunzi likagonga dari, povu likaimwagikia suti nyeupe, na mtu wa nyuma akapiga kelele, “Amina! Haleluya!” kwa imani ya kweli kabisa.

Madam akajipangusa uso polepole. “Mwalimu, hao watoto wa Moiben watashika chupa, ama wataogeshwa tu kama mimi?”

Mama Nafula ndiye aliyechukua hamira iliyobaki, akagawia kila meza, wakachanganya wenyewe huku wakicheka, chupa wazi, na madam akakunja mikono ya suti (ilikuwa imeshaharibika) akakoroga pia. Nilipojaribu kusaidia, mwalimu mmoja akaniambia, “Wewe kaa huko nyuma, fundi wa mabomu.”

Moiben ikapata mafunzo. Sharti la madam lilikuwa moja tu: Mama Nafula aongoze, mimi nibebe maji. Nimekubali. Tena nimeapa sitachanganya chochote kabla ya amina, na hata leo tukiombewa utanikuta nimefumba jicho moja, lile lingine linalinda meza.