Siku Nilipopewa Pole ya Mpunga Usio Wangu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya uandishi wa habari lilikuwa kumwambia mtu aliyekwisha kusema vizuri, "Samahani mama, turudie," na aibu iliyonipata kijijini Mchombe kwa maneno hayo bado inanipasha masikio moto, jamani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nakaa Ifakara, sijasomea uandishi popote. Kuhoji nilijifunza kwa kusikiliza redio ya jirani na kuiga sauti ya mtangazaji chumbani (mama alidhani nina wageni). Nikasikia bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, anakwenda Mchombe kusikiliza malalamiko ya viboko, nikaona hapa ndipo pa kutokea, nikaazima redio kaseti ya parokia, nikawahi siku moja kabla, nikaelekezwa kwa Mama Odilo, mjane ambaye viboko walikwisha kumlia nusu ya mpunga, na nusu iliyobaki ndiyo chakula cha wanawe mwaka mzima. Alitaka kitu kimoja tu: askari mwenye bunduki, kabla hawajarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude kinasikia?"

"Kinasikia."

"Kiboko hali kama ng'ombe," akaanza, "anafyeka. Usiku ule mmoja tu nilishuka kwenye dungu la kulindia shamba, mtoto ana homa. Asubuhi narudi, peupe! Nikadhani nimepotea njia, nimeingia shamba la mtu."

Halafu jogoo akawika.

(Jogoo gani anawika jua la utosi?) Mtu mwenye akili angemwacha awike, lakini mimi nilitaka kaseti safi kama ya redioni, nikarudisha nyuma, nikarekodi juu ya yale yale. Turudie. Jirani akaanza kutwanga. Turudie. Mbuzi! Kila mara mama alifupisha, hadi ikabaki "Wamekula, basi," nami kwa hofu ya kurudi mikono mitupu nikaanza kumsaidia: "Kwa hiyo mama, usiku mmoja ulishuka kwenye dungu kwa kuwa mtoto alikuwa na homa, na asubuhi ukakuta peupe, ukadhani umeingia shamba la mtu, sivyo?"

"Ndivyo."

Na jogoo hakuwika! Niliondoka najiona bingwa.

Kesho yake mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji akasema kijana amekwisha kumhoji mama, tusipoteze muda, tusikilize kaseti. Nikafungulia sauti hadi mwisho. Ikatoka sauti yangu, nzito, ya kitangazaji, ikieleza homa na dungu na shamba peupe, kisha kwa mbali, kama mtu aliye kisimani: "Ndivyo." Swali lililofuata lilikuwa refu zaidi. "Ndivyo."

"Kumbe shamba ni la kijana!" akadakia jirani wa Mama Odilo. "Pole bwana! Mtoto anaendeleaje?"

Watu wakavunjika mbavu, na akina mama wakaja kunipa mkono mmoja baada ya mwingine kama nimefiwa: "Pole baba, Mungu atakupa mpunga mwingine."

Bwana nyama hakucheka. Akafunga mkoba wake. "Sasa mlalamikaji ni nani? Mimi sitoi askari kwa 'ndivyo'."

Yaani mpunga wa mjane unakwenda hivi hivi, kwa sababu mimi nilimkataa jogoo!

Mama Odilo akasimama. "Mwanangu, zima hicho."

Nikazima. Akasimulia yote, toka homa hadi shamba la mtu, jogoo akawika katikati (mwingine, au yule yule, sijui), akamfokea, "Kelele wewe!" akaendelea hadi mwisho. Bwana nyama akafungua mkoba tena. Askari alikaa Mchombe hadi mavuno.

Na kaseti yangu haina hata neno moja la yale aliyosema.

Siku hizi nauliza swali fupi, mara moja, halafu nanyamaza. Kaseti zangu zina majogoo wengi sana.