Msumeno wa Babu na Gogo la Bi Tatu

Nilimwahidi mama kwamba nitaliandika jambo hili wakati baba na mjomba wangali wanakula sahani moja. Ahadi hiyo ilikuwa imelala hadi juma lililopita, madawati mapya yalipoletwa katika darasa ninalofundisha. Nilipofungua mlango asubuhi, harufu ya unga wa mvule ilinipokea, chungu kidogo, yenye kukereketa pua, nami nikawa tena mtoto wa Chang'ombe mwenye vumbi la mbao nyweleni.

Baba alikuwa mpasua mbao. Alisimama juu ya gogo lililolazwa juu ya shimo, akauongoza msumeno katika mstari uliochorwa kwa masizi. Mjomba Athumani, kaka yake mama, alikuwa chini shimoni, akiuvuta. Meno ya msumeno wa namna hiyo hukata unaposhuka tu, kwa hiyo nguvu ilikuwa ya mjomba na mwelekeo ulikuwa wa baba. Desturi yao ilikuwa kwamba aliye chini hazungumzii mstari. Huvuta, hufumba macho vumbi linapomwagika, hunyamaza.

Mwaka huo jirani yetu mjane, Bi Tatu, alikatiwa mvule uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Hakuwa na mti mwingine, na mbao zake ndizo zingekuwa milango na madirisha ya nyumba ambamo alikuwa akilala nyuma ya magunia yaliyotundikwa. Gogo lilikuwa nene mno. Likiwa limelala, lilinifikia kifuani.

Mjomba alilipima kwa mkono, akasema, "Shemeji, hili linataka msumeno mrefu. Huu wa marehemu mzee utachezea ndani kwa ndani, unga hautapata pa kutokea."

"Marehemu alipasua mivule kwa huu, wewe hujajua hata kushika jembe."

"Mivule yake ilikuwa myembamba, nao msumeno ulikuwa na meno. Sasa umebaki ufizi."

Mama alicheka, baba hakucheka. Kwake, gogo lolote la heshima lilifunguliwa kwa msumeno wa baba yake, ingawa kunolewa kwa tupa miaka mingi kulikwisha kuula.

Walianza. Siku nyingine msumeno ulivuta pumzi ndefu. Siku hiyo ulikohoa. Punde sauti ya mjomba ikatoka shimoni. "Shemeji, unapinda."

"Mstari nauona mimi."

"Wa juu unauona. Wa huku hujauona."

Baba alidhani mwenzake ananuna kwa kuwa hakusikilizwa. Akamjibu kwamba aliyechoka aseme amechoka. Mjomba akapanda, akajikung'uta, akaanza kuvaa shati. Bi Tatu, aliyekuwa ametuletea uji, alisimama na bakuli mkononi. Hata mimi nilielewa kwamba mjomba akiondoka, milango ya Bi Tatu imekwisha, na mama atabaki katikati ya kaka na mume.

"Baba Salumu," mama akasema polepole, "shuka ukaone. Kisha mgombane mkijua mnachogombania."

Mpasuaji wa juu hashuki shimoni; wenzake wangelisimulia jambo hilo barazani mwaka mzima. Baba alishuka. Tuliona utosi wake tu, nao ulitulia kwa muda mrefu. Nilitazamia apande na maneno makali. Alipotokea, uso umejaa unga na macho mekundu, alisema, "Msumeno umeacha njia kwa upana wa kidole gumba. Shemeji, chagua msumeno."

Mjomba akavua shati. Alileta msumeno wake mrefu, akatueleza huku akiutia tupa: urefu uupite unene wa gogo kwa mvuto mzima wa mkono, ili kila jino litoke nje na kumwaga unga wake, meno yawe makubwa, yenye nafasi pana, yaliyokunjwa moja kushoto na moja kulia, mti usije ukaubana. Kisha wakaligeuza gogo, wakaanza upande wa pili. Mkato uliopinda ulikuwa mfupi bado, kwa hiyo uliharibu kipande cha mwisho tu.

"Nani apande juu?" mjomba aliuliza.

"Panda wewe. Mie vumbi nimeshalizoea."

Ubao wa kwanza ulipolala chini, umenyooka, Bi Tatu aliketi mchangani akacheka mpaka uji ukamwagika. Mama alishusha pumzi ambayo, nadhani, alikuwa ameishika tangu asubuhi.

Kwa miaka mingi niliamini macho ya baba yaliwashwa na unga. Nilipokuwa chuoni, babu mzaa mama alipofariki nikamwona mama akishindwa kuziondoa nguo zake, ndipo nilipoelewa: kuuweka chini msumeno ule kulikuwa kwake kama kumzika baba yake mara ya pili, naye alikawia shimoni ili alie bila kutazamwa.

Msomaji, ikiwa yupo mwenzako wa kazi aliyewahi kukuambia kwamba unapinda, nawe ukamnyamazisha, nakuomba ukamwulize leo alikuwa ameona nini.