Droni Juu ya Paa la Malachy Geraghty

Dympna Geraghty alifagia madarasa ya shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu akiwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Mumewe, Malachy, alikuwa fundi wa kuezeka. Huku kwetu magharibi mwa Dublin, karibu kila mtaa una paa lililopita mikononi mwake. Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja. Nimeishi hapa miaka kumi na tisa na Dympna hajawahi kuniita jina langu. Ananiita "jirani", na akikasirika, "bibie".

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia Malachy polepole. Kwanza funguo, kisha majina ya wajukuu, kisha siku moja akamuuliza mkewe, kwa adabu zote, kama mwenye nyumba yupo. Dympna hakulia mbele ya mtu. Alimpangia siku yake kama ratiba ya shule: saa nne chai ya maziwa, saa tano kuzunguka uwanja, saa nane usingizi. Siku ikienda hivyo, mzee alitulia. Ikivurugika, alivurugika nayo.

Kisha zikaja droni, vile vindege visivyo na rubani. Kampuni moja ilikodi kona ya maegesho pale madukani, ikawa inarusha kahawa, chipsi, dawa za kikohozi na chochote kinachoingia kwenye kisanduku. Njia yao ilipita juu ya nyumba zetu. Jumamosi zilipita kila baada ya dakika chache. Mlio wake haukuwa mkubwa, ila ulikuwa mwembamba, wa kusaga. Wengi wetu tuliuzoea. Malachy hakuuzoea, maana kwake ule ulikuwa mlio wa mafundi wanaokata vigae.

"Nani yuko juu ya paa langu?" aliuliza kila mara, ameshasimama.

"Hakuna mtu, mpenzi."

"Wanakata bila kupima! Niletee ngazi."

Usingizi wa saa nane ukaisha. Wiki ya tatu alimsukuma Dympna pembeni mlangoni, yeye ambaye hakuwahi kumwinulia mkono. Niliuona mkono wa Dympna umevilia damu nikamuuliza. Akasema ni kabati.

Aliandika barua. Kampuni ikamjibu kwamba mlio uko ndani ya kiwango, na kamera inaangalia mahali pa kushushia tu. Akaenda baraza la mji, akaambiwa paa ni lake ila anga si lake. Alirudi amevimba kwa hasira.

"Eti anga si langu," aliniambia juu ya ukuta. "Mbona mvua yake inaninyeshea mimi?" Kisha akanigeukia. "Na wewe bibie, ulikatwa miguu lini? Duka la kahawa liko hapo, hata kuku anafika."

Nilicheka. Sikuacha kuagiza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imetoka kukatika. Nilibonyeza simu, nikaagiza kahawa na mkate wa zabibu. Simu ikaniambia dakika sita. Ndipo nikasikia Dympna akiita jina la mumewe, si kwa sauti kubwa, lakini kwa namna iliyonitoa kitini hadi uani kwao.

Alikuwa amefungua banda la vifaa kuchukua viazi, dada yake akapiga simu, akaingia ndani kuipokea. Alipotoka, ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na Malachy alikuwa juu kwenye mgongo wa paa, amevaa vazi la kulalia la mkanda na ndara, nyundo mkononi. Chini yake kulikuwa na ghorofa nzima na njia ya zege.

"Unangoja mzigo wowote?" Dympna aliniuliza bila kunitazama.

Akageuka, akaniona na simu mkononi.

"Mungu wangu. Umeagiza."

"Naifuta."

"Ifute basi!"

Haikufutika. Ikishapaa, kwenye simu hakuna kitufe cha kuirudisha. Nilipiga namba ya kampuni, nikapokewa na muziki. Nilikata, nikapiga zimamoto. Wakasema dakika kumi na mbili, mtu yeyote asipande. Nikaipigia tena kampuni, muziki ulikuwa uleule.

Malachy alikuwa anatembea juu ya mgongo wa paa, akiinama kugusa kigae hiki na kile. Sijapata kumwona amenyooka vile. Chini alikuwa mtu wa kuburuta miguu. Kule juu kila hatua ilijua inakokwenda. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu ndara hazikujua.

"Malachy, shuka mpenzi. Chai tayari."

"Sitaki chai. Nawangoja hawa wahuni."

Na wahuni wakaja. Droni ilitokea upande wa madukani, ikapunguza mwendo, ikasimama hewani juu ya bustani yangu, ikaanza kuteremsha kisanduku kwa kamba. Malachy aliiona. Akainua nyundo, akaanza kuifuata, ukingoni, upande ambao hauna cha kushika. Mguu mmoja uliteleza kwenye kuvu, akapiga goti, akainuka. Nilifumba macho.

Dympna hakufumba. Alivuta pumzi, akabadilisha sauti. Haikuwa tena ya mke anayebembeleza. Ilikuwa ya mtu wa kazini.

"Malachy Geraghty! Lori la vigae limefika!"

Mzee akasimama.

"Lipi?"

"Sijui lipi! Wanashusha hapa mbele, wanavirusha kama mawe!"

"Wanavirusha?"

"Nishavisikia vinavunjika. Mimi nitawaambia nini? Mimi si fundi!"

Malachy aliitazama ile droni mara moja zaidi, kama mtu anayeahirisha ugomvi, kisha akachomeka nyundo kwenye mkanda wa vazi lake. "Waambie wasiguse kitu mpaka nishuke," alisema. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi, kati ya mikono na miguu, vitatu daima vimeshika, kama alivyofundisha vijana maisha yake yote. Mimi na Dympna tuliishika ngazi chini.

Alipokanyaga zege akamwambia mkewe, "Karibu na bomba la moshi vigae viwili vimelegea." Kisha akaenda mbele ya nyumba kutafuta lori. Akatazama barabara juu na chini.

"Liko wapi?"

"Limeondoka," Dympna alisema.

"Ukawaacha?"

"Nikawaacha."

Alimtazama kwa masikitiko makubwa. Dympna akamshika mkono, akamwingiza ndani. Zimamoto walipofika, walimkuta ameketi jikoni. Baadaye Dympna aliniambia kwamba katika ndoa ya miaka arobaini na saba ule ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mumewe, na ulimtoka kirahisi mno. Wiki iliyofuata fundi alipanda. Vigae vilivyolegea vilikuwa viwili.

Safari hii niliandika barua mimi, nikaeleza kwamba agizo lilikuwa langu, nikaambatanisha taarifa ya zimamoto. Tulikwenda pamoja kwenye mkutano wa baraza la mji. Kijana wa kampuni alisikiliza kwa heshima, na mwezi haujaisha njia ikahamishwa mtaa wa pili. Malachy akarudia usingizi wake.

Siku kumi hazikupita, mwanamke akabisha mlango wa Geraghty. Alikuwa Orla Tuohy wa mtaa wa pili, macho mekundu, amembeba mtoto mchanga na mwenzake pacha yuko kwenye kigari.

"Ni wewe uliyetusukumia yale madude?"

"Ndiyo, ni mimi," Dympna alisema.

"Hata huoni haya?"

"Sikudanganyi, dada. Mume wangu analala. Sijutii." Akamtazama yule mtoto. "Lakini si haki, hilo naliona. Ingia."

"Sikuja kunywa chai."

"Nani kakwambia chai? Nina majina ya wakubwa wao wote. Utaandika wewe, mimi nitakwambia nani hajibu na nani anajibu."

Uso wa Orla haukulegea. Lakini alisukuma kigari ndani. Malalamiko yao bado yanasikilizwa barazani. Alhamisi jioni Dympna huvaa koti lake la kijivu kwenda mkutanoni na Orla, na mimi hukaa na mzee, tukitazama mbio za farasi kwenye televisheni mpaka arudi.