Siku Spika Alipopatikana Hewani

Mtaani walimwita Spika. Alikuwa mwanamke fundi wa redio, ila jina alilipata kwa mdomo. Mteja aliyeleta redio mbovu aliondoka nayo ikiwa nzima, pamoja na mashauri kuhusu ndoa yake, viatu vyake na namna anavyolea watoto. Kumkatiza? Thubutu!

Mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki na kumfundisha kushika bisibisi, aliukimbia mdomo huohuo. Siku moja alitaka kumweleza dada yake jambo. Dada akalidakia neno la kwanza, akasema yeye, akasema tena, mpaka kijana akachukua begi na kutoka. Simu yake haikupatikana tena. Mbele za watu Spika alisema, "Shauri yake." Akifunga mlango alilia, maana miaka ilipita bila kujua kama yu hai.

Basi chama cha wapenzi wa redio, ambacho Spika alikuwa mwanachama wake, kikaamua kurusha puto la gesi. Chini yake walining'iniza parachuti na kisanduku alichokiunda Spika mwenyewe. Kisanduku hicho kilipokea sauti kutoka chini na kuirusha upya, ili walio mbali kabisa wasikilizane. Sharti lilikuwa moja: anayesema abonyeze kitufe cha maiki yake, na akikibonyeza hasikii mtu mpaka akiachie.

Puto likapaa kutoka uwanja wa shule, likaonekana dogo, likapotea machoni. Darasani, mwenyekiti wa chama alilifuatilia kwenye kompyuta. Salamu zikamiminika kutoka miji ambayo redio zao hazijawahi kuifikia, na Spika akazijibu zote kwa raha zake.

Kisha ikaja sauti nyingine. "Dada. Ni mimi. Nimekujua kwa sauti."

Spika akaketi kwenye dawati la mtoto. Yu hai!

"Dada, nina neno nataka kukwambia..."

Kijana alipopumua tu, Spika akabonyeza kitufe. "Wewe! Una roho gani wewe? Nimekutafuta hospitali, nimekutafuta mochwari! Nikiona kijana mrefu barabarani namkimbilia kumtazama uso, watu wananiona mwendawazimu! Kumbe uko mahali umekula umeshiba, unachezea redio niliyokufundisha mimi!"

"Spika," mwenyekiti akaita, "puto limepasuka. Linashuka. Huyu yuko mbali, likifika chini hatutampata tena. Achia kitufe!"

"Sijamaliza!"

Akaendelea. Alimaliza ya begi, akaingia ya simu, mpaka alipofikia lile lililomkaa rohoni miaka yote: "Rudi nyumbani, mwanangu." Ndipo akaachia.

Redio ikakwaruza tu.

"Jibu basi!" Ikakwaruza tena. Spika akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akaangalia pembeni. Kisanduku alikiunda yeye, na nafasi yote aliimaliza yeye. Kijana alikuwa hai, naye alikuwa amempoteza mara ya pili, mchana kweupe, watu wakitazama.

"Samahani, mama," sauti ya mzee ikaingia. "Hatujuani. Niko huku juu mlimani, katikati yenu. Hata bila puto, wewe nakusikia, na ndugu yako namsikia. Lile la kurudi nyumbani halikumfikia. Nimemfikishia mimi."

"Amesema nini?" Spika aliuliza.

Mzee akakohoa. "Naomba radhi, maneno si yangu. Anauliza hivi: 'Dada, umemaliza? Sasa naweza kusema?'"

Spika akafungua mdomo, akaufumba. Waliomfahamu hawakuwahi kuona jambo hilo. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Mwambie nimemaliza," akasema. "Aseme yote."

Akaiweka maiki juu ya dawati, akaisukuma mpaka mkono wake usiweze kuifikia, akainamisha sikio kwenye redio.